Tone la Kwanza ni la Mgeni Rasmi

Katika nchi yetu, ambayo sina haja ya kuitaja kwa sababu yenyewe inajijua, hakuna kitu kinachotumika kabla hakijazinduliwa. Ni sheria nzuri. Ilitungwa ili wananchi wasianze kufaidi jambo kabla hawajajua wamshukuru nani.

Ndiyo maana daraja la Mto Kisogo lilikamilika miaka minne iliyopita na sisi tukaendelea kuvuka mto kwa miguu, suruali tumezikunja, tukipita chini ya daraja lenyewe. Tulishukuru kwa kivuli. Juu kulikuwa na utepe mwekundu, na kila mwaka serikali iliutoa uliochakaa na kufunga mpya. Zahanati yetu nayo ina choo cha matundu sita chenye utepe mlangoni, na wagonjwa wanakwenda nyuma yake. Hakuna anayelalamika. Mgeni rasmi akipata nafasi atakuja.

Mimi ni fundi bomba. Shule niliacha darasa la tano, siku paa lilipoanguka. Mabati mapya yaliletwa wiki iliyofuata, yakapangwa vizuri uwanjani kusubiri kuzinduliwa. Nikaona mimi nisisubiri.

Sasa, mwaka ninaousimulia, serikali iliigawa Wizara ya Maji. Ilikuwa imegundulika kwamba kuwapatia watu maji ni kazi ngumu. Watu ni wengi, wanaoga, wanafua, halafu wanauliza maswali. Kuku wananywa kidogo na hawaulizi. Ikaundwa Wizara ya Maji ya Kuku, ikapewa jengo la ghorofa tisa na Waziri wake, Mheshimiwa Dokta Kibambasi. Udokta alipewa na chuo kimoja alichokizindua.

Wizara ilianza na jambo zuri kweli, na hapo sitanii. Ilileta mfumo wa kunyweshea vifaranga wa kuku wa nyama. Ni bomba jembamba linalopita banda zima, na chini yake kuna vichuchu vidogo vya chuma. Kifaranga akidonoa kichuchu, linatoka tone moja. Asipodonoa, halitoki. Maji hayamwagiki, maranda ya chini hayaloi, kinyesi hakiingii majini, na kifaranga hanywi uchafu wa mwenzake. Mimi nimefunga mabomba miaka ishirini na mitano, na sijawahi kuona kitu kilichofikiriwa vizuri namna ile. Kilifikiriwa nchi nyingine.

Banda la kwanza kupewa mfumo lilikuwa la Bi. Zawena, mjane wa mtaani kwetu mwenye miaka sitini. Alikuwa ameuza cherehani yake kujenga lile banda. Vigezo vya kumchagua vilikuwa viwili: alikuwa mfugaji hodari, na banda lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka barabara ya lami, hivyo viatu vya Mheshimiwa visingepata vumbi. Kigezo cha pili ndicho kilichowashinda wafugaji wengine.

*

Nililifunga bomba kwa kufuata kitabu. Kifaranga wa siku moja anatakiwa akikute kichuchu mbele ya jicho lake. Hiyo ni kama sentimita nane kutoka chini, upana wa kiganja cha Bi. Zawena. Kuku akikua, unapandisha bomba kidogo kidogo, ili kila siku anywe huku ameinua shingo.

Siku mbili kabla ya uzinduzi alikuja Bwana Lufunyo, Afisa Itifaki na Uzinduzi wa Wilaya. Alikuwa kijana msafi, mwenye koti jeusi na kitabu kinene kwapani kilichoandikwa Mwongozo wa Uzinduzi, Toleo la Saba. Alilitazama bomba, kisha akanitazama mimi.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Bomba la kunyweshea."

"Liko chini."

"Vifaranga wako chini."

"Mheshimiwa hainami," alisema Bwana Lufunyo. "Yeye ndiye atakayekunywa tone la kwanza. Pandisha mpaka kifuani kwake."

"Kifua chake kiko wapi?"

Alifungua Mwongozo, akasoma. "Mita moja na sentimita ishirini."

Bi. Zawena alikuwa akitandaza maranda. Akainua kichwa. "Mwanangu, na vifaranga watafikaje huko?"

"Watakua, Mama. Mradi ni wa miaka mitano."

Nikapandisha. Kisha nikajaza fomu ya kuomba kibali cha kushusha, kwa sababu urefu wa bomba ukishawekwa na Itifaki haubadilishwi bila kibali. Kwenye nafasi ya "sababu" niliandika: Kuku ni wafupi.

*

Siku ya uzinduzi vifaranga mia nne waliletwa saa mbili asubuhi, kwenye maboksi yenye matundu. Walikuwa wametotolewa jana yake na hawajaonja maji toka waje duniani. Kila mfugaji anajua kifaranga akifika kitu cha kwanza ni maji. Chakula baadaye. Ukimchelewesha mpaka jioni anaanza kulala ubavu, na akishalala ubavu hainuki.

Uzinduzi ulikuwa saa tatu. Utepe ulikuwa umefungwa kuzunguka bomba lote. Vyombo vya zamani vya Bi. Zawena, vile vya plastiki vya kupindua, vilikuwa vimekusanywa na Wizara wiki moja kabla ili visitokee kwenye picha. Mtaani maji hayakuwapo tangu mwezi uliopita. Maji yote yaliyokuwa karibu yalikuwa kwenye tangi la mradi, lita elfu mbili, na tangi nalo lilikuwa na utepe.

Saa nne Bwana Lufunyo alipiga simu, akatuambia Mheshimiwa yuko njiani. Saa tano alikuwa njiani. Saa sita alikuwa njiani zaidi.

Vifaranga walikuwa wamelia sana asubuhi. Saa saba walianza kunyamaza, na hapo ndipo Bi. Zawena alipopata hofu.

"Mwanangu, nipe hata chupa moja ya hapo mezani. Niwachovye midomo tu."

Kwenye meza kuu, iliyofunikwa kitambaa cheupe, kulikuwa na chupa kumi na mbili za maji. Bwana Lufunyo alizisogeza karibu na koti lake.

"Hizi ni za meza kuu, Mama. Na hata zisingekuwa za meza kuu, shida si chombo. Shida ni kunywa. Kifungu cha tatu: hapana atakayekunywa katika hafla kabla mgeni rasmi hajanywa. Tone la kwanza ni la mgeni rasmi."

"Wanakufa."

"Naona, Mama. Inaniuma sana." Akatoa kalamu. "Wangapi mpaka sasa?"

"Tisa."

Aliandika kwenye orodha ya mahudhurio, na mimi nilichungulia. Mbele ya wale tisa aliandika: Wametoa udhuru.

Saa nane simu ililia. Mheshimiwa hatakuja. Alikuwa amepata dharura, anazindua kalenda ya uzinduzi ya mwaka ujao. Bwana Lufunyo akampigia Naibu Waziri, ambaye alikuwa kwenye kikao. Akampigia Katibu, akaambiwa yuko kwenye kikao hicho hicho, lakini upande wa pili wa meza. Mkuu wa Wilaya alikuwa ameenda kumpokea Mheshimiwa mahali ambapo Mheshimiwa hakuwapo, na hakuweza kuondoka kabla hajampokea.

Waliotoa udhuru walifika ishirini na watatu.

Bi. Zawena alifuta jasho kwa kanga, akaketi kwenye kiti cha mgeni rasmi. Bwana Lufunyo akashtuka kama amekalia moto yeye.

"Mama! Hicho kiti!"

"Nisomee hicho kitabu chako," Bi. Zawena akasema. "Mgeni asipokuja kinasemaje?"

"Kifungu cha kumi na nne. Atakaimu mtu yeyote aliyealikwa kwa barua, aliyepo eneo la hafla, na asiye na majukumu mengine."

"Mimi je?"

"Wewe ni mwenyeji."

"Fundi?"

"Fundi haalikwi."

"Kwa hiyo nani alialikwa na yupo?"

Bwana Lufunyo alipitia orodha yake kwa kidole. Viongozi walioalikwa hakuwapo hata mmoja. Kidole kilifika chini kabisa, kikasimama.

"Walengwa wa mradi," alisema polepole. "Mia nne. Tuliwaandikia barua moja kwa wote, ili mahudhurio yawe makubwa."

"Walengwa ndio nani?" niliuliza.

Alitazama boksi.

Bi. Zawena alikuwa ameshainuka. Alitia mkono ndani ya boksi akamtoa kifaranga mmoja mwenye miguu bado imara, akamnyanyua mpaka kwenye pua ya Bwana Lufunyo.

"Huyu hapa. Ameitwa, amekuja, na hana kikao."

*

Nisimdharau Bwana Lufunyo. Alitokwa na jasho, akasoma kifungu mara tatu, na alipoona hakuna neno linalosema mgeni rasmi asiwe na manyoya, alifunga vishikizo vya koti. Sheria ni sheria. Kifaranga akawekwa juu ya kiti cha mgeni rasmi, na kiti kikawekwa juu ya meza kuu, ili afikie bomba.

Kisha Bwana Lufunyo akatoa hotuba.

"Hotuba ya nini?" Bi. Zawena akamaka.

"Mgeni rasmi hawezi kuzindua bila hotuba. Nitamsomea kwa niaba yake. Ni kurasa ishirini na mbili." Akakohoa. "Ndugu wananchi! Leo historia imetuchungulia dirishani, na sisi hatukufunga pazia! Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha kifaranga, ikakichambua, ikakiundia kamati..."

Aliposhusha ukurasa wa kwanza karibu na kiti, mgeni rasmi alijisaidia katikati yake. Bwana Lufunyo alitazama Mwongozo, akatazama ukurasa.

"Ameipitisha," alisema. "Itahesabiwa imesomwa."

Bi. Zawena aligusa kichuchu kwa ncha ya kidole. Tone likaning'inia, likimeta. Kifaranga aliligeuzia jicho moja, kisha jingine, akadonoa, akainua shingo na kumeza. Akadonoa tena. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Tukapiga makofi sisi watatu. Bwana Lufunyo alikata utepe, na Bi. Zawena akachukua kipande akamfunga kifaranga mguuni, asije akachanganywa na wananchi wa kawaida.

Bomba lilikuwa bado kifuani kwa Mheshimiwa, na kibali hakikuwa kimetoka. Lakini hakuna sheria iliyozungumzia sakafu. Uwanja wa shule ulikuwa na tofali za darasa lililosubiri jiwe la msingi mwaka wa tatu sasa. Tuliziazima kwa toroli, tukapanga nguzo, tukalaza mbao banda zima, tukamwaga maranda juu yake. Jioni ile ile vifaranga mia tatu sabini na saba walikuwa wanakunywa mita moja na ushee kutoka ardhini.

Nchi nyingine kuku wakikua wanapandisha bomba. Sisi bomba tuliliacha kwenye hadhi yake. Kila baada ya siku kumi nilitoa safu moja ya tofali, tukashusha nchi.

*

Siku ya arobaini na mbili kuku walikuwa na kilo mbili na nusu kila mmoja, weupe, wazito, wakavu miguuni. Hakufa mwingine hata mmoja. Bi. Zawena alikuwa amempata mnunuzi, Bwana Chogo, mtu wa mjini mwenye lori na sauti kubwa.

Siku hiyo hiyo zilikuja barua mbili.

Ya kwanza ilitoka kwa Waziri. Ilisema ofisi yake imesikitishwa kusikia mfumo umezinduliwa na kuku. Uzinduzi ule ni batili. Mheshimiwa anakuja leo kuzindua mwenyewe, na mpaka atakapokunywa tone la kwanza, kuku wote waliokunywa maji hayo ni mali yenye shaka na hawaruhusiwi kutoka.

Ya pili ilikuwa yangu. Kibali cha kushusha bomba kilikuwa kimetoka. Kilikuwa na saini saba. Kilisema: Mara baada ya kupokea kibali hiki, mwombaji ashushe bomba hadi sentimita nane kutoka sakafuni, na asilibadili tena bila kibali kingine.

Mimi ni raia mtiifu. Kuku walikuwa wameshaingizwa kwenye matenga na kupakiwa. Nikatoa mbao, nikatoa tofali, nikashusha bomba.

Msafara ulifika saa saba mchana, magari kumi na manne, kamera tatu. Lori la Bwana Chogo lilikuwa limesimama langoni juani, utepe umepita mbele ya bampa. Matenga yalikuwa yanahema. Kuku mnene kwenye joto hana muda mrefu, na hilo Bi. Zawena alilijua kuliko wote waliokuwapo.

"Mama, nakupa dakika kumi," Bwana Chogo alifoka kutoka dirishani. "Sinunui mizoga mimi!"

Mheshimiwa aliingia bandani, mrefu, mpana, akifuatwa na mtu wa kumshikia mwavuli. Alitafuta bomba usawa wa kifua chake. Halikuwapo. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Mwisho Bwana Lufunyo alimwonyesha chini kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Fundi," Bwana Lufunyo akaninong'oneza, meno yameumana. "Pandisha!"

Nikampa kibali akisome. "Cha kupandisha naweza kuomba leo. Hiki kilichukua zaidi ya siku arobaini na mbili."

Alizihesabu saini zote saba, akanirudishia.

"Nitazindua kwa kauli," Mheshimiwa alitangaza. "Natamka kwamba..."

"Mheshimiwa, samahani," Bwana Lufunyo alisema. "Kifungu cha tatu. Ulikitunga mwenyewe. Ni lazima tone."

Nje Bwana Chogo aliwasha lori. Bi. Zawena alitoka mbele. Alikuwa amembeba kwapani kuku mmoja ambaye hakupakiwa, mwenye kipande cha utepe mwekundu mguuni.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, ingawa alimzidi miaka. "Kama nafasi ni finyu, usijitaabishe. Kaimu wako yupo. Kazi anaijua."

Kamera zote tatu zilimgeukia kuku. Kuku aligeuza jicho moja, kisha jingine. Mheshimiwa aliziona kamera zilikoelekea. Nadhani aliiona na taarifa ya habari ya jioni.

Akapiga magoti. Magoti hayakutosha. Akaweka viganja kwenye maranda. Viganja havikutosha. Mwisho alilala kifudifudi, tai ikiwa kwenye kinyesi cha wiki sita, mwenye mwavuli akamfuata kwa kuchuchumaa. Alikigeukia kichuchu, akakitia mdomoni, akanyonya. Mashavu yalibonyea. Tone halikutoka.

"Haitoki," alisema.

"Usinyonye, Mheshimiwa," Bi. Zawena akasema kwa upole. "Donoa."

Alinyonya tena.

"Donoa, baba. Kwa ncha ya mdomo. Hivi." Akamwonyesha kwa vidole.

Mheshimiwa Dokta Kibambasi alirudisha kichwa nyuma kidogo, akalenga, akadonoa. Tone likatoka.

"Amekunywa!" Bwana Lufunyo alipiga kelele, akatimua mbio na mkasi mpaka langoni. Lori liliondoka na kuku mia tatu sabini na sita, wote wazima. Bi. Zawena alilifuata kwa macho mpaka lilipopinda, kisha akaketi kwenye tofali, akacheka, akafuta macho kwa kanga.

*

Wiki iliyofuata Bi. Zawena alinunua cherehani nyingine. Mheshimiwa aliagiza bomba la mradi lirudishwe kifuani, na kibali cha kupandisha bado kinatafutiwa saini.

Kaimu hakuuzwa. Uzinduzi wake ulitamkwa batili, lakini ukaimu wenyewe hakuna aliyekumbuka kuufuta, na kwa mujibu wa Mwongozo anaalikwa kila hafla ambayo mgeni rasmi hakutokea. Jumamosi iliyopita Bwana Lufunyo alimchukua kwa pikipiki, ndani ya tenga lenye kitambaa cheupe, wakaenda darajani. Mto Kisogo tuliuvuka jana yake kwa miguu, suruali tumezikunja. Leo nimevuka juu, na viatu vyangu nimevivaa.

Choo cha zahanati ni Jumatano.